"Nenda kapime" haimtoshi mwenye saratani ya utumbo kwenye familia

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila saratani ya utumbo mpana inapoandikwa kwenye kurasa za afya, ushauri huishia palepale: kula mboga, fanya mazoezi, acha sigara, nenda kapime. Si ushauri mbaya. Ila mtu ambaye mama yake au kaka yake ameugua ugonjwa huu, akiambiwa "nenda kapime" bado hajui aanze lini, apimwe kwa kipimo gani na arudi baada ya muda gani. Kwake yeye majibu ya maswali hayo matatu si sawa na ya jirani yake. Wengi huja wakiwa wamechelewa miaka kumi. Wengine huwahi, lakini wakapimwa kitu kisichohusika, wakarudi nyumbani na cheti cha kuwatuliza moyo bure.

Sisi tunafanya kazi kwenye kitengo cha endoskopi, yaani cha kuchunguza ndani ya tumbo kwa kamera. Ombi letu ni kwamba kurasa zako ziwafundishe wasomaji kuitafuta namba moja ambayo familia nyingi hazina: umri aliokuwa nao ndugu yao siku alipogundulika.

Uzito wa namba hiyo unatokana na jinsi ugonjwa wenyewe unavyokua. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama kinyama kidogo, polipu, kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo. Hakiumi, hakizuii choo, na mara nyingi hata damu hakitoi. Vingi havigeuki saratani kabisa. Vile vinavyogeuka kwa kawaida huchukua miaka kama kumi au zaidi. Kikikutwa katika kipindi hicho hukatwa kwa kitanzi cha waya papo hapo, na mambo yanaishia hapo. Sasa, kama mama aligundulika akiwa na miaka 44, kinyama chake yumkini kilikuwa kimeshaota alipokuwa kwenye thelathini na kidogo. Mtoto wake anayesubiri umri wa kupimwa wa watu wote anasubiri kupita pale mama yake alipougulia.

Kwa watu wasio na ndugu aliyeugua wala dalili yoyote, miongozo ya Marekani tangu 2021 inasema waanze kupimwa wakiwa na miaka 45. Zamani ilikuwa 50. Kwa mwenye historia kwenye familia hesabu inabadilika hivi. Ukiwa na mzazi, ndugu wa baba na mama mmoja, au mtoto aliyegundulika kabla ya kutimiza miaka 60, au ukiwa na wawili wa namna hiyo waliougua katika umri wowote, unafanyiwa kolonoskopi, yaani kuangaliwa utumbo mpana wote kwa kamera inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa, ukifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri wa yule aliyeugua akiwa mdogo kuliko wote, kutegemea ipi inatangulia. Baada ya hapo unarudia kila miaka 5. Kama ni ndugu mmoja tu wa karibu na aligundulika akiwa na miaka 60 au zaidi, bado unaanza na 40, ila unaruhusiwa vipimo na vipindi vilevile vya watu wengine.

Kwa mifano: mama aligundulika na miaka 44, watoto wake wote waanze na 34. Kaka aligundulika na 52, ukitoa kumi unapata 42, lakini 40 inatangulia, basi ni 40. Baba aligundulika na 71, unaanza na 40, na kipimo cha kinyesi cha kila mwaka kinakubalika. Mama 63 na dada 58? Hao ni wawili: kolonoskopi kuanzia 40, kila miaka 5.

Msomaji atakayeuliza kwa daktari aliyesomea Uingereza anaweza kuambiwa jambo jingine kabisa. Mwongozo wa huko wa 2019 unampa mtu mwenye ndugu mmoja wa karibu aliyegundulika kabla ya miaka 50, au wawili wa umri wowote, kolonoskopi moja tu akifika 55. Wenye ndugu watatu walioathirika katika zaidi ya kizazi kimoja ndio hupimwa kila miaka 5, kuanzia 40 hadi 75. Hakuna anayedanganya hapo. Uingereza inaangalia kwamba kabla ya 55 hatari halisi ya mtu mmoja bado ni ndogo hata ikiwa imeongezeka maradufu. Marekani inaangalia zaidi wale wachache watakaougua mapema. Sisi, pale ambapo mdogo kuliko wote kwenye familia aliugua kabla ya miaka 50, hesabu ya kutoa kumi tunaiona ndiyo salama zaidi.

Penye kukosewa sana ni kwenye kuhesabu nani ni ndugu wa karibu. Kwa jambo hili daraja la kwanza ni watu wa aina tatu tu: wazazi waliokuzaa, ndugu uliochangia nao baba na mama wote wawili, na watoto uliowazaa. Baba mdogo, mama mkubwa, shangazi, mjomba, babu na bibi ni daraja la pili, hata kama ndio waliokulea. Ndugu wa mzazi mmoja pia ni daraja la pili. Binamu ni daraja la tatu, hata kama nyumbani unamwita kaka. Mara nyingi mtu huandika "kaka" kwenye fomu, daktari akahesabu daraja la kwanza, kumbe ni mtoto wa baba mkubwa. Kinyume chake kipo pia: mtu anasema "hakuna kwetu" kwa sababu ndugu yake alitolewa vinyama tu, hakuwa na saratani. Kinyama nacho kinahesabika ikiwa kilikuwa na upana wa milimita 10 au zaidi, au ripoti ya patholojia, yaani ya maabara iliyokichunguza kwa hadubini, ilisema seli zake zimeanza kubadilika sana au zina umbo la vidole vidole. Mwenye kinyama cha aina hiyo huhesabiwa sawa na aliyeugua saratani. "Nilitolewa vinyama viwili" hakumsaidii mdogo wako; anachohitaji ni ile ripoti. Isipopatikana, mwongozo wa Marekani unachukulia kwamba kilikuwa kinyama cha kawaida.

Basi kikao cha familia kikikaa, maswali yawe haya. Nani aliugua, na ni upande wa mama au wa baba. Aligundulika akiwa na miaka mingapi. Si alifariki akiwa na mingapi, maana kati ya hayo mawili panaweza kuwa na miaka minne au mitano, na hiyo ndiyo inayoharibu hesabu yote. Saratani ilianzia wapi. Hapa mtu asiridhike na "alifariki kwa tumbo" wala "ini liliharibika". Saratani ya utumbo mpana hupenda kusambaa hadi kwenye ini, na wengi wanaokumbukwa kama wagonjwa wa ini huenda ugonjwa wao ulianzia chini zaidi. Tafuteni karatasi ya kuruhusiwa hospitali, ripoti ya upasuaji, au ripoti ya patholojia. Kipande cha karatasi kilichosahauliwa chini ya sanduku kina thamani kuliko kumbukumbu za wazee watano. Kama mwaka haujulikani, uliza alikuwa amezaa watoto wangapi wakati ule, au nani alikuwa darasa la ngapi. Umri wa kukadiria ni bora kuliko kuacha pengo.

Ulizeni pia kuhusu saratani nyingine: ya mji wa mimba, ya ovari, ya tumbo la chakula, ya utumbo mwembamba, na ya mirija ya mkojo. Zikiwa nyingi upande mmoja wa ukoo pamoja na saratani ya utumbo mpana, kuna uwezekano wa sindromu ya Lynch, ambayo ni hitilafu ya kurithi kwenye mojawapo ya jeni zinazorekebisha makosa seli inapojigawa. Karibu saratani 3 kati ya 100 za utumbo mpana hutokana nayo. Kila mtoto wa mwenye hitilafu hiyo, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Ndiyo maana saratani ya mji wa mimba ya shangazi, upande wa baba, haitakiwi kupuuzwa eti haiwahusu wanaume. Baba anaweza kuibeba bila kuugua na kumpa binti au mwana. Kanuni ya zamani ya kuishuku inakumbukika kwa tatu, mbili, moja: ndugu watatu wameugua saratani za kundi hilo, mmoja wao akiwa wa daraja la kwanza kwa wale wawili, katika vizazi viwili vinavyofuatana, na angalau mmoja kabla ya miaka 50. Familia nyingi zenye Lynch hazitimizi kanuni hiyo, kwa hiyo ikitimia ni kengele. Isipotimia haimaanishi kwamba mko salama.

Kwa wenye Lynch ratiba ya miaka 5 haifai kabisa. Vinyama vyao huweza kugeuka saratani ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Wenye hitilafu kwenye jeni za MLH1 na MSH2 huanza kolonoskopi wakiwa na miaka 20 hadi 25, wa MSH6 na PMS2 kwa kawaida 30 hadi 35, na hurudia kila mwaka mmoja au miwili. Uingereza tangu 2020 inashauri pia aspirini ya kila siku kwa watu hawa, baada ya utafiti kuonyesha kwamba inapunguza saratani ya utumbo mpana kwao. Hilo ni la wenye Lynch na ni la kuamua na daktari. Mtu mwingine asiende dukani kujinunulia, kwa sababu aspirini huchubua tumbo na kutoa damu.

Kuna ugonjwa mwingine wa kurithi, adimu zaidi, ambapo utumbo huota vinyama kwa mamia hadi maelfu kutokana na hitilafu ya jeni ya APC. Huko watoto huanza kuangaliwa wakiwa na miaka 10 hadi 12, kwani utumbo usipotolewa kwa upasuaji, karibu wote hupata saratani, wengi kabla au karibu na miaka 40.

Watu wengi wakisikia kuhusu jeni hukimbilia kupima damu ya mtu mzima wa afya. Tuanzie kwa aliyeugua. Uvimbe wake uliotolewa ulikatwa vipande vidogo vikahifadhiwa ndani ya nta, na maabara za patholojia hutunza vipande hivyo kwa miaka. Mgonjwa au familia yake wanaweza kuuliza: je, uvimbe huu ulipimwa protini nne za kurekebisha makosa ya jeni? Protini mojawapo ikikosekana, ndipo mgonjwa hupimwa damu kutafuta hitilafu yenyewe, na ikipatikana, ndugu zake hupimwa hitilafu hiyohiyo. Hapo jibu la "huna" lina maana kamili: mtu huyo anarudi kwenye ratiba ya watu wote. Lakini ukipimwa wewe uliye mzima kabla hitilafu ya familia haijajulikana, jibu la "hatujaona kitu" halikutoi kwenye hatari. Linamaanisha hakijaonekana, basi.

Tuje kwenye vipimo. Kipimo cha kisasa cha kinyesi hutafuta damu ya binadamu isiyoonekana kwa macho. Kinatumia kingamwili zinazoshika hemoglobini ya binadamu, kwa hiyo nyama uliyokula jana haikiharibu, tofauti na kile cha zamani cha kubadilika rangi kilichodai uache nyama nyekundu na vitamini C. Ni kizuri kwa watu wa hatari ya kawaida. Kwa mwenye historia nzito kwenye familia kina kasoro moja kubwa: kikifanywa mara moja hunasa takriban robo tatu ya saratani zilizopo, lakini vinyama vikubwa vya hatari hunasa karibu robo tu. Na sisi tunachokitafuta kwake ni kinyama. Hata hivyo anayekataa kolonoskopi, au asiyeipata, afanye hiki kila mwaka bila kuruka. Kupima kidogo ni bora kuliko kutopima.

Namna ya kuchukua sampuli ndiyo inayoharibu majibu mara nyingi. Tandaza karatasi safi au chombo kikavu ili kinyesi kisiguse maji ya choo wala mkojo. Kijiti kilicho ndani ya chupa kina vijimifereji kwenye ncha. Kichomeke na kukikwaruza sehemu nne au tano tofauti za kinyesi, mpaka vijimifereji vijae, basi. Kujaza zaidi hakuongezi usahihi, kunavuruga kipimo cha maji ya chupa. Rudisha kijiti, funga hadi usikie kimekaa, andika jina na tarehe ya siku hiyo. Kisha ipeleke upesi, ikibidi siku hiyohiyo. Joto huvunja hemoglobini, na chupa iliyokaa ndani ya gari kwenye jua inaweza kutoa jibu la "hakuna damu" ilhali ilikuwepo. Aliye kwenye hedhi, au mwenye bawasiri inayotoa damu siku hizo, asubiri.

Jibu likitoka kwamba damu ipo, hatua inayofuata ni kolonoskopi. Kurudia kipimo "ili kuhakikisha" ni kosa tunalolikuta kila mara, tena wakati mwingine limefanywa kwa ushauri wa mhudumu. Vinyama havitoi damu kila siku. Jibu safi la pili halifuti la kwanza.

Na kuna vipimo ambavyo si vya kazi hii hata kidogo. Choo cha kutafuta minyoo na amiba hakihusiani. Ultrasaundi ya tumbo haioni vinyama vya utumbo. Kipimo cha damu cha CEA hutumika kufuatilia mgonjwa aliyekwisha gundulika. Kwa mtu mzima wa afya huweza kuwa sawa kabisa huku saratani ipo, au kupanda kwa sababu ya sigara. Picha ya CT ya utumbo mpana inaona vinyama vikubwa vizuri, lakini inahitaji kusafisha tumbo kwa namna ileile, na kikionekana kitu utarudi kwenye kolonoskopi kukikata.

Kolonoskopi yenyewe hufanikiwa au hushindwa nyumbani kwa mgonjwa, usiku wa kuamkia siku hiyo. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma viachwe siku 5 hadi 7 kabla, maana hufanya kinyesi cheusi kinachoganda ukutani. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa uamuzi wake. Aulize mapema, wiki nzima kabla, kwa sababu kila dawa ina siku zake, na aspirini ya dozi ndogo mara nyingi haiachwi. Mwenye kisukari aombe nafasi ya asubuhi na apewe maelekezo ya maandishi ya insulini na vidonge. Dawa za kisukari za jamii ya dapagliflozini na empagliflozini huachwa siku 3 kabla, kwani mtu akikaa bila kula huku anazitumia damu yake inaweza kujaa asidi hata sukari ikionekana ya kawaida.

Siku moja kabla (siku mbili au tatu kwa mwenye kufunga choo) achana na mbegu, maganda, jamii ya kunde, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa. Wali mweupe, mkate mweupe, mayai na samaki vinapita. Vinywaji viwe vya kuona chini ya glasi, na visiwe vyekundu wala zambarau, rangi hizo zikibaki utumboni hufanana na damu.

Dawa ya kusafisha inayotumika sana ni unga wa polietilini glikoli unaochanganywa na maji, lita 4 kwa jumla, au lita 2 kwa aina nyingine. Usinywe yote jioni. Nusu jioni, nusu alfajiri. Tuseme miadi ni saa nne asubuhi na dawa ni ya lita 4: jioni unakunywa lita 2, glasi ya mililita 250 kila dakika 10 hadi 15, yaani glasi nane. Saa kumi na moja alfajiri unaanza lita 2 nyingine kwa mwendo uleule, unamaliza saa moja, na kuanzia saa mbili hunywi kitu tena hadi ufanyiwe. Wengi wanachukia kuamka alfajiri na wanabembeleza wanywe yote usiku. Shida ni kwamba utumbo mwembamba hauachi kumwaga nyongo na ute usiku kucha. Mchanganyiko huo hutua upande wa kulia wa utumbo mpana, na upande huo ndiko vinakojificha vinyama bapa, ambavyo tayari ni vigumu kuviona. Aliyekunywa yote jioni hufika na utumbo safi chini na tope la njano juu.

Kosa la pili ni kuacha dawa pale tu kuharisha kunapoanza, mtu akidhani kazi imekwisha. Kazi imekwisha pale unachotoa kimekuwa maji ya njano angavu kama mkojo, hakina chembe. Kama baada ya dozi ya pili bado ni kahawia na kizito, piga simu kitengoni kabla ya kuondoka nyumbani. Ukitapika, pumzika nusu saa, ipoze dawa, uendelee taratibu kwa mrija. Mafuta mazito ya kupaka yawekwe mlangoni mwa haja kubwa kabla ngozi haijachubuka, si baada. Na dawa za fosfeti ya sodiamu, zile za chupa ndogo zinazopendwa kwa sababu ni kidogo, ziogopwe na wazee, wenye figo dhaifu na wanaotumia baadhi ya dawa za presha. Zimewahi kuharibu figo za watu.

Siku ya kipimo mwambie anayekufanyia: nina historia kwenye familia, fulani aligundulika na umri fulani. Hakikisha imeandikwa kwenye fomu. Ukitoka, omba nakala ya ripoti, na usome mambo manne. Je, kamera ilifika mwanzo wa utumbo mpana, kidole tumbo kinapoanzia, na kuna picha yake? Tumbo lilikuwa safi kiasi gani? Kwenye kipimo cha Boston alama ni 0 hadi 9. Zinatakiwa 6 au zaidi, na kila sehemu kati ya tatu za utumbo mpana iwe na angalau 2. Kamera ilitolewa kwa muda gani? Vinyama huonekana kamera inapotoka, daktari akichungulia nyuma ya kila kunjo kama mtu anayetafuta kitu nyuma ya pazia, na hilo halifanyiki chini ya dakika 6. Vinyama vilivyokatwa vilipelekwa maabara vyote? Kama tumbo halikuwa safi, kolonoskopi hiyo irudiwe ndani ya mwaka. Isihesabiwe kama umepimwa.

Ukikutwa huna kitu, angalia tarehe ya kurudi. Mtu wa kawaida huambiwa miaka 10. Aliye na mzazi aliyegundulika kabla ya 60 anatakiwa 5. Tunaona watu wanaopewa 10 kwa sababu tu fomu haikutaja familia. Kinyama cha milimita 10 au zaidi kikitolewa, huwa 3.

Madhara yapo na yasifichwe. Utumbo kutoboka hutokea chini ya mara 1 kwa kila kolonoskopi 1,000. Kutoka damu hutokea zaidi, hasa baada ya kukata kinyama kikubwa, na huweza kuja hata siku 14 baadaye. Tumbo gumu lenye maumivu makali, homa, au mabonge ya damu, ni kurudi hospitali saa hiyohiyo. Siku ya kipimo njoo na mtu wa kukurudisha. Dawa ya usingizi inakukataza kuendesha hadi kesho yake.

Yote tuliyoandika ni ya mtu asiye na dalili. Anayetoa damu kwenye choo, aliyebadilika choo kwa wiki kadhaa, anayepungua uzito, au aliyeambiwa damu imepungua bila sababu, hasubiri kutimiza 40 wala hapimi kinyesi nyumbani akajiridhisha. Bawasiri na saratani zinaweza kukaa kwa mtu mmoja. Kuiona ya kwanza hakuiondoi ya pili.

Mwisho, Mhariri, ukipata nafasi ya kuchapisha sehemu ndogo tu ya barua hii, chapisha ujumbe ufuatao, ambao mgonjwa yeyote aliyegundulika anaweza kuujaza na kuwatumia ndugu zake wa baba na mama mmoja na watoto wake kwa simu:

"Nimegundulika na saratani ya utumbo mpana tarehe ___, nikiwa na miaka ___. Ilianzia upande wa ___ wa utumbo. Protini nne za jeni kwenye uvimbe zimepimwa / hazijapimwa, majibu ni ___. Ripoti ya patholojia iko kwa ___. Toa 10 kwenye umri wangu. Ikizidi 40, chukua 40. Hapo ndipo uanze kupimwa, kwa kolonoskopi kama umri wangu ni chini ya 60. Mwonyeshe daktari wako ujumbe huu."

Wako,
Wauguzi na madaktari wa kitengo cha endoskopi